Mfupa Uliovuka Mto

Katika hospitali yetu, kinachotolewa mwilini mwa mgonjwa hupelekwa maabara na ndugu zake. Hatuna mfanyakazi wa kazi hiyo. Muuguzi anatoka chumba cha upasuaji, anamkabidhi baba au shangazi kichupa chenye dawa ya kuhifadhi, ananyoosha kidole kuelekea jengo la mwisho lenye mlango wa kijani, na huyo ndugu anavuka ua akiwa amekishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai. Mimi niko nyuma ya mlango huo. Nimepokea vichupa kwa watu waliokuwa wakisali, kwa watu waliokuwa wakigombana, na kwa mzee mmoja aliyekuwa akimalizia ndizi ya kuchoma.

Mimi si daktari. Nilisoma sekondari ya afya, sehemu ya maabara, nikapata diploma yangu, kisha nikaanza kuzunguka. Nimepima malaria Isangi, nimepima makohozi Ubundu, nikaenda Bunia na Goma, nikarudi. Sijawahi kukaa mahali hadi msumari nilioupigilia ukutani ukashika kutu. Nikiwa mji mpya naukumbuka ule nilioacha, hata harufu ya samaki wake wa kukausha. Nikirudi nilikoacha, nasikia boti inapiga honi mtoni na miguu inaanza kuniwasha. Kisangani ndiko nilikozaliwa, kwa hiyo ndiko ninakorudi mara nyingi. Safari hii nilikuta maabara imepata daktari mpya, mwanamke kijana aliyesomea kuvitambua vipande vya mwili chini ya hadubini, na alikuwa akitafuta mtu wa kumwandalia vioo. Nilimwambia nitakaa kidogo. Bado niko.

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi ya uboho wa mifupa ya watoto. Mtoto analazwa usingizi, daktari anapitisha sindano nene kwenye mfupa wa nyonga, nyuma, juu kidogo ya makalio, na anatoa kipande chembamba ambacho ukikiweka kando ya punje ya mchele hutaona tofauti kubwa. Kwangu kinalala kwanza katika formoli, dawa inayokausha pua, ili kisioze. Kisha nakitia kwenye asidi hadi ugumu wa mfupa uyeyuke na kisu kiweze kupita. Kisha nakizamisha katika nta, nakikata vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu, navitandaza kwenye kioo na kuvitia rangi ya waridi na bluu. Hapo kazi yangu inaisha na ya daktari inaanza.

Mtoto ninayemkumbuka alikuwa msichana wa miaka minne hivi. Baba yake alitoka Kivu ya Kaskazini, muuza vitenge kwa jumla, mtu mnene mwenye sauti ndogo. Mama yake alikuwa mzaliwa wa Lubunga, ng'ambo ya mto. Walimleta akiwa na tumbo gumu upande mmoja, na weusi kuzunguka macho yote mawili kama mtu aliyepigwa. Majirani walikuwa wameanza kumtazama mama vibaya. Hakuna aliyempiga mtoto. Ilikuwa neuroblastoma, saratani ya watoto wadogo ambayo mara nyingi huanzia kwenye kitezi kilicho juu ya figo, na ambayo hupenda sana kusafiri hadi ndani ya mifupa. Vioo vyake vya kwanza niliviandaa mimi. Daktari aliniita nitazame. Uboho wa mtoto mzima unapaswa kuonekana kama soko: seli kubwa na ndogo, changa na pevu, na matundu meupe ya mafuta katikati. Wake haukuwa na soko tena. Palikuwa na chembe ndogo za bluu tu, zimebanana marundo kwa marundo, zote zinafanana.

Baadaye zilifuata dawa zilizokuwa zikiletwa kwa ndege kutoka Kinshasa, mzunguko baada ya mzunguko. Nywele za mtoto zikaanguka, weusi wa macho ukaondoka, tumbo likalainika. Ule uvimbe ulikuwa umesinyaa, lakini ulikuwa bado uko tumboni na ulipaswa kutolewa. Daktari mpasuaji wa watoto alikuwa amekuja mjini kwa juma moja tu, kisha angepanda ndege yake. Alikubali kumpasua msichana wetu kwa sharti moja: uboho uwe umesafika. Kama mifupa ilikuwa bado imejaa, kumpasua kungekuwa kumtesa bure, na mtoto angerudi kwenye dawa bila yeyote kujua mpasuaji mwingine angekuja lini.

Basi wakamlaza usingizi, wakatoa kipande kushoto na kipande kulia. Baba alinifikishia cha kushoto mwenyewe. Cha kulia sikukiona, wala sikushtuka, kwa sababu mara nyingi vichupa vya mtoto mmoja hufuatana kwa kuchelewa. Asubuhi iliyofuata daktari, ambaye huniita tonton, yaani mjomba, akaja na koti lake jeupe la kazi mkononi.

"Tonton, hii ni ya kushoto. Ya kulia iko wapi?"

"Haijafika, Docteur."

"Haijafika vipi? Wanasema walitoa zote mbili jana."

"Nianze na hii?"

"Anza. Lakini sitasaini kwa upande mmoja."

Alikuwa ameshanieleza sababu. Ugonjwa huu hauenei mfupani sawasawa kama rangi kwenye maji. Unakaa kwa mabaka, kama ukungu kwenye mkate. Unaweza kukata ncha moja ukaikuta nyeupe kabisa. Na kumlaza mtoto usingizi tena juma hilohilo, damu yake ikiwa chini vile, mtu wa kuwalaza wagonjwa usingizi alikuwa amekataa hata kuzungumzia.

Nilimkuta baba chini ya baraza ya wodi, amesimama. Viti vilikuwepo, lakini tangu jana hakuna aliyemwona akikaa.

"Papa, mulibeba vichupa ngapi?"

"Mbili. Miye moja, mama mukwe moja."

"Yake iko wapi?"

Akatazama viatu vyake. "Alivuka nayo."

"Alivuka kwenda wapi?"

"Lubunga. Kwake."

"Na weye ulimuona?"

"Nilimuona."

"Ukanyamaza?"

"Tonton, iko mama mukwe wangu!"

Alilisema kwa uchungu wa kweli, na mimi nilielewa. Mama mkwe huyo alishika heshima za zamani. Mkwe wake hakula mbele yake, hakumtazama usoni, na alipotaka kumwambia jambo alimwambia mtu wa tatu aliyesimama karibu. Kumwona anaelekea mtoni na kichupa ndani ya kitenge chake, kisha kumkimbilia na kumuuliza unaenda wapi na hicho, ni jambo ambalo mtu huyu asingeliweza hata kama hospitali ingekuwa inaungua. Alijifariji kwamba labda daktari ndiye aliyemwambia afanye hivyo.

"Sasa twende," nikasema.

"Twende. Lakini weye njo utasema, hapana miye."

Daktari aliniruhusu kwa maneno machache: nisirudi bila ule mfupa. Tulivuka kwa mtumbwi wa mota pamoja na magunia ya mkaa na mbuzi mmoja aliyemchukia baba wa mtoto. Upande ule ndiko reli ya Ubundu inakoanzia. Miaka mingi iliyopita nilipanda treni hapo nikiwa na sanduku la mbao na godoro la kukunja, na kila nikiona zile reli zilizozama kwenye majani natamani kupanda tena, hata kama sina ninachokifuata kule. Nilisimama kuzitazama. Baba wa mtoto akanivuta mkono.

"Tonton, tafazali."

Tukapanda baiskeli za toleka, zile za kubeba abiria, kila mtu yake, na yule aliyembeba baba alilalamika njia nzima juu ya uzito.

Bibi wa mtoto alikuwa uani, anamenya ndizi za lituma, zile za kuchemsha na kuponda. Mwanamke mwembamba, mkavu, mwenye kisu kikali. Mimi niliingia. Baba alibaki kwenye ukingo wa ua na kugeuka ubavu nyuma ya mpapai.

"Mbote, mama."

"Mbote, papa. Na ule anajificha nyuma ya mupaipai ni nani?"

"Iko mukwe wako."

"Ninajua. Mutu munene vile hajifichake nyuma ya mupaipai." Akaendelea kumenya. "Mutoto anaendelea?"

"Anaendelea. Mama, tumefuata kichupa."

"Kichupa gani?"

"Ile ya mufupa ya mutoto."

"Ile iko ya kwangu." Alisema bila hasira, kama mtu anayemweleza mgeni mpaka wa shamba. "Bale badocteur balitoa mbili. Moja ya bo, moja ya siye. Ao mulitaka mukamate yote?"

Katika miaka yangu yote ya vichupa sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuona mgawo pale ambapo sisi tuliona kulia na kushoto. Akanieleza, kwa sababu niliuliza. Kitu kilichotoka mwilini mwa mtoto hakilali kwa watu wasiojulikana, wala hakitupwi mahali watu wanapokanyaga. Kitovu cha msichana kilikuwa hapa, chini ya mgomba ule, na mfupa wake alikuwa ameuzika palepale.

"Umeuzika? Mama, ulifungua kichupa?"

"Nifungue juu ya nini? Ile maji yake inaliza macho. Nilizika na kichupa yake, na kifuniko yake."

Nilitamani kumkumbatia. Mfupa ndani ya formoli, chupa imefungwa, ardhi baridi ya kivulini: hata rafu yangu haikuwa mahali pazuri zaidi. Lakini bado ulikuwa chini ya ardhi, na yeye alikuwa ameshika kisu.

"Mama, ile moja tuliyo nayo haitoshi. Ugonjwa unaweza kujificha upande ule mwingine. Tukishaangalia yote mbili, njo watajua kama watamupasua."

"Mukishaangalia, mutatupa."

"Hatutupake. Tunaifungia ndani ya nta, tunaandika jina yake, inakaa kwa tiroir ya kabati, droo."

"Imbwa hawezi kuifikia?"

"Hawezi."

"Na panya?"

Nilisita kidogo, kwa sababu panya tunao. "Tiroir iko ya chuma," nikasema, na hilo lilikuwa kweli.

Kutoka mpapaini ilisikika ile sauti ndogo. "Tonton, umwambie mama kama ule mupasuaji atapanda ndege yake. Akienda, hatujui mwingine atakuja siku gani."

"Umwambie ule wa mupaipai kama nimesikia," akasema bibi, naye akinitazama mimi. "Umwambie tena kama siye ni watu ya kuvumilia."

Nikafungua kinywa kupeleka ujumbe huo hatua chache zile, nikaona baba ametoka nyuma ya mti. Alisimama katikati ya ua, mikono inaning'inia, akamtazama mama mkwe wake usoni.

"Mama," akasema. Basi, neno hilo tu.

Kisu kilisimama juu ya ndizi. Kuku alipita kati yao. Kisha bibi akafuta mikono kwenye kitenge, akaingia nyumba ya jikoni, akatoka na jembe dogo. Nilipotaka kumsaidia alinifukuza kama kuku. Alichimba mwenyewe, akakipata kichupa, akakipangusa udongo kwa upande wa ndani wa kitenge. Lebo ilikuwa imelowa lakini jina la mtoto liliweza kusomeka. Ndani yake kile kipande cheupe kilikuwa kimelala.

"Lakini ninaenda nayo," akasema. "Ile siku mulinipatia miye. Leo miye njo nitawapatia."

Alivuka mto akiwa amekipakata.

Siku zilizofuata alikaa kwenye benchi nje ya mlango wangu wa kijani. Mchana akiondoka kidogo kumwona mjukuu, alimwachia benchi lile mama mmoja aliyekuwa akingoja majibu ya figo, na kumpa maagizo. Kila nikitoka aliniuliza.

"Imelainika?"

"Bado, mama. Iko ndani ya asidi."

"Miye ningeichemusha tangu jana, ingekuwa laini na muchuzi juu."

Daktari alimsikia akacheka hadi akavua miwani. Tangu hapo akawa anamwita koko, kama tunavyowaita mabibi zetu hapa, na bibi akaanza kumuuliza kwa nini hajaolewa.

Vioo vilikuwa tayari siku mbili kabla ya ndege ya mpasuaji. Hadubini yetu ina sehemu mbili za kutazamia, kwa hiyo niliweza kufuata anachokitazama daktari. Alianza na kushoto. Alisogeza kioo polepole, kutoka ncha hadi ncha, kama mtu anayefagia chumba asiache kona. Soko lilikuwa limerudi. Si soko la siku ya sikukuu. Dawa kali zilikuwa zimepunguza watu. Lakini kulikuwa na wakubwa na wadogo, na matundu ya mafuta. Mahali pamoja palikuwa na nyuzi hafifu za waridi, zimelala kama nyasi zilizokanyagwa.

"Hapa ugonjwa ulikuwepo," daktari akasema. "Hili ni kovu tu."

Akaweka kioo cha kulia. Safi, safi, safi. Nilianza kupumua. Kisha mkono wake ukasimama.

Ukingoni mwa kipande, pale sindano ilipobana, palikuwa na fungu la chembe ndogo nyeusi, zimekazana, zimevutika kama alama za kidole. Alibadilisha lenzi, akarudi, akabadilisha tena. Nje bibi alikohoa. Nilimsikia baba akimuuliza yule mama wa figo, sauti ya chini, kama amemwona mtu yeyote akitoka.

"Inaweza kuwa kitu," daktari akasema. "Inaweza kuwa si kitu. Zimepondwa, sizisomi. Ukate tena, tonton. Ushuke ndani zaidi."

Kipande kile kilikuwa kidogo. Kila unachokata kinakuwa kimekwenda, na ukivuka fungu lile bila kulipata, hulipati tena. Nilikipoza kile kipande cha nta kwenye barafu, nikakifunga kwenye mashine, nikageuza gurudumu. Utepe ulitoka mzima. Nikatandaza, nikakausha, nikatia rangi. Mikono ilijua kazi kuliko mimi, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa kwenye lile benchi la nje.

Katika kioo kipya fungu lilikuwepo, lakini hapa sindano haikuligusa. Lilikuwa limefunguka. Chembe zilikuwa za rika mbalimbali: chache kubwa na changa, nyingine ndogo zaidi, nyingine zimekaribia kukomaa, kila moja na kiini chake cha duara, kimepakwa rangi sawasawa, kama vifungo vya shati. Hakuna hata moja iliyong'ang'ania mwenzake. Hata mimi niliona kabla hajasema.

"Ni watoto wa damu," daktari akasema. "Anatengeneza damu, huyu. Ni kiota cha damu nyekundu." Akaegemea kiti, akafumba macho, akacheka kwa pua. Halafu akavitazama vioo vyote tena tangu mwanzo, kwa sababu yeye ndivyo alivyo, kisha ndipo akasaini.

Alitoka mwenyewe kuwaambia.

"Koko, mfupa ni safi. Kushoto na kulia. Watampasua kesho."

Bibi alimtazama daktari, akanitazama mimi. "Nilijua," akasema. "Ile nilizika pazuri."

Baba aliketi. Hakuketi kwenye benchi. Alishuka tu palepale alipokuwa, kwenye saruji, na shati lake jeupe la biashara, miguu imenyooka mbele kama mtoto.

"Papa," bibi akaniambia mimi, "umwambie ule asimame. Muke yake anangoja habari." Lakini hakungoja nimwambie. Aliinama akamshika mkwe wake kiwiko, akamwinua, na wakaenda wodini wameshikana vile, jambo ambalo nadhani halikuwa limetokea tangu harusi.

Kesho yake mpasuaji alifanya kazi asubuhi nzima. Nilijipa sababu ya kwenda kule, nikasimama na ndugu. Mlango ulipofunguka muuguzi alitoka na ndoo ndogo yenye kifuniko, akasema uvimbe wote umetoka, figo imebaki, mtoto anapumua vizuri. Mama wa mtoto alikaa akilia na kucheka. Muuguzi, kwa mazoea, akamnyooshea baba ndoo na kuonyesha ule mlango wa kijani.

Bibi akaingia katikati.

"Ile hapana. Ile haiko ya mutoto, ilikuja tu. Babebe bo benyewe."

Wote wakanigeukia mimi. Niliibeba. Nilivuka ua na ndoo ile, nzito kuliko nilivyodhani, jua likiwa kali kichwani, na sikuwahi kubeba kitu chochote nikiwa mwepesi vile. Nilipoukata ule uvimbe, sehemu kubwa yake ilikuwa imekufa kwa dawa. Dawa nyingine zilikuwa bado zinamngoja, na vipimo vingine, daktari hakuwaficha. Lakini hilo lilikuwa la baadaye.

Jioni nilipita wodini. Msichana alikuwa ameamka na anataka maji, na walimwambia bado, labda kulowesha midomo tu. Alikasirika. Alimtukana muuguzi kwa Kilingala, akamtukana baba yake kwa Kiswahili, akageuza kichwa chake kisicho na nywele akatazama ukuta. Mama yake alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, kiganja kimefunika mdomo, akimtazama anavyokasirika kama kabla ya ugonjwa, na hakutaka mtu yeyote ambembeleze mtoto.